Jinsi ya Kujenga Karakana ya Useremala Nyuma ya Nyumba

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye uwanja mdogo nyuma ya nyumba, iwe Kampala, Jinja au Bombo, anayetaka karakana ya mita 4 kwa 6. Kabla ya kununua hata tofali moja, mwone mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji nchini Uganda), kisha uombe kibali kwa wahusika wa majengo wa eneo lako, kwani Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya mwaka 2013 inakitaka. Chimba msingi mwezi Januari au Julai, kabla ya mvua za Machi na Septemba, maana mtaro uliojaa maji hubomoka kingo.

Hatua ya kwanza ni kupima. Kwa kuwa tuko kwenye ikweta, jua hupita upande wetu wa kaskazini nusu ya mwaka na upande wa kusini nusu nyingine, lakini asubuhi na jioni hupiga moja kwa moja kutoka mashariki na magharibi. Kwa hiyo kuta ndefu, zenye madirisha, zitazame kaskazini na kusini, na zile fupi zibaki bila dirisha, usije ukapigwa na jua machoni wakati unafuata mstari wa penseli kwa msumeno. Funga kamba kwenye vigingi vya pembe nne, halafu pima mshazari: ukipata mita 7.21 pande zote mbili, pembe zako zimekaa sawa.

Hatua ya pili ni msingi, na hapa usibane matumizi, kwa sababu adui wa karakana ya mbao ni unyevu na mchwa. Chimba hadi ardhi ngumu, jenga msingi uinuke sentimita 20 juu ya uwanja, jaza mawe na kuyashindilia, nyunyiza dawa ya mchwa, kisha tandika nailoni nzito ambayo kingo zake zinapanda ukutani. Juu yake mimina zege la sentimita 10, kwa kipimo cha saruji 1, mchanga 2 na kokoto 4, ulifunike kwa magunia yanayoloweshwa kila siku kwa siku 7. Wengi hupenda kupiga lipu ya nje hadi chini kabisa ili nyumba ipendeze; mimi sishauri hivyo, kwa kuwa mchwa hupanda kwa siri kati ya lipu na tofali. Ukanda wa chini ukiachwa wazi, utaona mapema vijia vyao vya udongo, vyenye unene wa penseli hivi, na utavikwangua.

Hatua ya tatu ni kuta na paa. Lowesha matofali ya kuchoma kabla ya kuyapanga, yasije yakanyonya maji ya udongo wa saruji. Paa la mteremko mmoja linatosha, upande mmoja ukizidi mwingine kwa sentimita 70, na bati litokeze nje ya ukuta sentimita 60. Nunua geji 28, kwani geji 30 ni nyembamba zaidi, na misumari ipigwe kwenye mgongo wa bati, si kwenye bonde ambamo maji hupita.

Hatua ya nne ni umaliziaji. Kabla ya kuingiza mbao, bandika kipande cha nailoni sakafuni kwa utepe wa gundi pande zote, ukiache usiku kucha. Ukikuta matone chini yake, zege halijakauka na mbao zako zitapinda. Paka kuta rangi nyeupe. Umeme ufungwe na fundi mwenye leseni: soketi zipate waya wa milimita 2.5 za mraba, taa waya wa 1.5, kila kundi na swichi yake ya kujikata, na waya wa ethi, unaopeleka umeme uliovuja ardhini, usiachwe. Ukiranda au kukata mvule, fungua madirisha ya pande zote mbili na uvae barakoa, kwani vumbi lake huwasha pua na ngozi. Meza ya kazi itengenezwe mwisho, ikiwa tayari umesimama ndani na viatu vyako vya kazini: kimo chake kifike kwenye kifundo cha mkono ulioning'inia.