Kuunganisha nodi za Yggdrasil kupitia intaneti

Yggdrasil ni programu inayounganisha kompyuta katika mtandao wake wa IPv6 uliofumbwa, na kila kompyuta inayoiendesha huitwa nodi. Nodi mbili zilizo kwenye Wi-Fi moja hujuana zenyewe ndani ya sekunde chache. Kila moja hutangaza uwepo wake kwenye anwani ff02::114, poti 9001 ya UDP, na jirani akisikia huunganisha. Tangazo hilo haliwezi kuvuka ruta. Ukiwa Tanga na mwenzako Kisumu, lazima mmoja aandikiwe anwani ya mwingine kwa mkono, na huyo mwingine awe anafikika kutoka nje.

Basi anzeni kwa kujua nani anafikika. Ingia kwenye ukurasa wa ruta yako utazame anwani ya WAN (ya upande wa intaneti). Ikiwa ni kati ya 100.64 na 100.127, au inaanza na 10, 192.168 au 172.16 hadi 172.31, uko nyuma ya NAT ya mtoa huduma (wateja wengi mnatumia anwani moja ya nje), na kufungua poti kwenye ruta yako hakutasaidia kitu. Laini nyingi za simu ndivyo zilivyo. Hata hivyo NAT inamzuia tu anayesubiri kuunganishwa: nodi yako ikianzisha muunganisho kwenda nje, data itapita pande zote mbili. Kama nyote wawili mko nyuma ya NAT, kodini seva ndogo ya mtandaoni iwe mahali pa kukutania, au mtumie nodi za umma ambazo mradi wenyewe unazichapisha. Seva yenye RAM ya MB 512 inatosha.

Kwenye Debian, kifurushi hutengeneza faili la mipangilio wakati wa kusakinisha. Kwingineko litengeneze mwenyewe:

yggdrasil -genconf > yggdrasil.conf

Usiirudie amri hii juu ya faili linalotumika. Ufunguo wa siri utabadilika, na kwa kuwa anwani yako (iliyo ndani ya 200::/7) hutokana na ufunguo, anwani nayo itabadilika. Kwa sababu hiyo hiyo, ukinakili kadi ya SD ya Raspberry Pi moja uitumie kwenye ya pili, nodi zote mbili zitakuwa na utambulisho mmoja na zitanyang'anyana njia. Kila mashine ipewe ufunguo wake.

Kwa nodi inayosubiri, andika:

Listen: ["tls://[::]:14500"]

Kisha ruhusu TCP 14500 kwenye fayawoli ya mashine. Kama iko nyumbani, elekeza poti hiyo kutoka kwenye ruta, na uipe mashine anwani ya ndani ya kudumu ili DHCP (huduma ya ruta inayogawa anwani) isiibadilishe siku umeme ukikatika. Anwani ya nje nayo ikiwa ya kubadilika, tumia jina la DNS linalojisasisha.

Kwa nodi inayoanzisha:

Peers: ["tls://203.0.113.7:14500?key=UFUNGUO_WA_UMMA"]

Anwani 203.0.113.7 ni mfano tu; weka ya mwenzako. Sehemu ya key iwe na ufunguo wake wa umma. Ataupata kwa amri ya yggdrasilctl getSelf. Usiiache: bila hiyo nodi yako itamkubali yeyote anayejibu kwenye anwani hiyo. Upande wa pili, ufunguo wako uandikwe kwenye AllowedPublicKeys. Orodha hiyo ikiachwa tupu, yeyote anaweza kujiunga kupitia nodi hiyo.

Washa upya huduma, kisha:

sudo yggdrasilctl getPeers

Hali ikiwa Up, mmeungana. Ikiwa Down, soma kosa lililoandikwa kando yake. "Connection refused" kwa kawaida maana yake umefika kwenye mashine lakini hakuna programu inayosikiliza poti hiyo. "Timeout" ina maana kwamba pakiti zinapotelea njiani: fayawoli, ruta isiyoelekeza poti, au NAT ya mtoa huduma. Muunganisho ukikataliwa mara tu unapofika, linganisheni matoleo, kwani 0.4 na 0.5 hayaelewani. Na ikiwa ping inajibu lakini tovuti yako haifunguki, huenda seva ya wavuti inasikiliza IPv4 peke yake. Iambie isikilize [::] pia.

Nodi za umma mbili au tatu zinatosha. Zichague kwa kupima ping, wala si kwa kutazama ramani, maana nchi jirani inaweza kufikiwa kwa njia inayozunguka Ulaya. Pia jua kwamba nodi yenye wenza wawili au zaidi inaweza kupitisha data ya watu wengine. Anayetumia bando la simu abaki na mwenza mmoja.

Jambo ambalo watu wengi hulisahau ni fayawoli ya ndani. NAT ya ruta haikukingi tena: kila aliye kwenye mtandao huu anaweza kugonga SSH yako (mlango wa kuingia kwenye mashine kwa mbali) moja kwa moja. Weka IfName: "ygg0" kwenye mipangilio ili kadi ya mtandao ya Yggdrasil iwe na jina hilo, kisha ruhusu majibu, ICMPv6 (pamoja na ping) na SSH ya mwenzako tu, na ukatae mengine, kwa mpangilio huu huu:

ip6tables -A INPUT -i ygg0 -m conntrack --ctstate ESTABLISHED,RELATED -j ACCEPT
ip6tables -A INPUT -i ygg0 -p icmpv6 -j ACCEPT
ip6tables -A INPUT -i ygg0 -p tcp -s ANWANI_YA_MWENZAKO --dport 22 -j ACCEPT
ip6tables -A INPUT -i ygg0 -j DROP

Zihifadhi kwa netfilter-persistent, la sivyo zitafutika mashine ikizimwa. Data husafiri ikiwa imefumbwa kutoka nodi ya mwanzo hadi ya mwisho, lakini kila mwenza uliyeungana naye moja kwa moja anaiona anwani yako halisi ya intaneti. Anayehitaji kujificha atafute chombo kingine.