Kumwaga na kusafisha mfumo wa maji wa kupoza kompyuta

Kulanti (majimaji ya kupozea) nzito ya rangi isiyopitisha mwanga, ile inayopendeza pichani, haifai kuachwa zaidi ya miezi sita. Iliyo angavu huweza kufika mwaka. Ila ukiona rangi imefifia, tangi lina utando, au prosesa inazidi kupata joto ilhali kazi na feni ni zilezile, usingoje tarehe.

Tafuta lita 4 au 5 za maji yasiyo na madini. Ya betri yanayouzwa vituo vya mafuta yanafaa kwa kusuuza, lakini soma lebo vizuri isije ikawa asidi ya betri. Ya bomba yaache: chumvi zake huganda ndani ya bloku (kipande cha chuma kinachokaa juu ya prosesa na kupitisha maji), na kloraidi hula nikeli.

Zima kompyuta na uchomoe waya ukutani. Funika pawasaplai (kisanduku cha kugawa umeme) na kadi ya picha kwa taulo, chomeka mpira kwenye koki ya kumwagia, upeleke kwenye beseni. Fungua koki kwanza, kifuniko cha tangi baadaye. Hewa isipoingia juu, maji hutoka kidogo tu kisha yanagoma, na hilo ni msaada: beseni likikaribia kujaa, ziba tundu la tangi kwa kidole gumba, maji yatasimama. Yakishaisha, inamisha kasha huku na huku, maana rejeta (kifaa cha kutolea joto la maji hewani) iliyofungwa juu hubana maji mengi. Usiwashe pampu ili isukume mabaki. Pampu hizi hulainishwa na maji yenyewe, na ikizunguka kavu inajiua.

Sasa jaza maji yasiyo na madini. Chomoa waya zote za umeme za madabodi, prosesa na kadi ya picha, ibaki pampu peke yake. Kwenye plagi kubwa ya pini 24 ya pawasaplai, unganisha pini ya 16 (waya wa kijani) na waya mweusi wowote wa jirani. Kama waya zote ni nyeusi, tumia plagi maalumu ya kuwashia badala ya kubahatisha. Rudisha waya ukutani, zungusha maji dakika 15 hadi 30, huku ukiongeza maji kila tangi linaposhuka, kisha mwaga. Rudia mpaka maji yaliyotoka, kwenye kikombe cheupe, yasitofautiane na ya chupani. Kwa kawaida ni mara tatu hivi.

Maji kuwa angavu si ushahidi kwamba bloku ni safi. Uchafu hunasa kwenye mapezi ya shaba ya bloku ya prosesa, ambayo nafasi kati yake ni ndogo kuliko milimita moja, na hakuna kusuuza kunakoung'oa. Mara nyingi ni ute mweupe unaotoka kwenye mipira laini ya plastiki angavu. Mipira myeusi ya EPDM (aina ya raba) haina tabia hiyo. Ifungue bloku. Piga picha kabla ya kutoa kitu, hasa kibati cha kuelekeza maji, kwani kikirudishwa kinyume mtiririko huharibika. Sugua kufuata mapezi kwa mswaki laini na tone la sabuni ya vyombo, kisha suuza kwa maji yasiyo na madini. Sehemu za akriliki zisiguswe na spiriti, zitapata nyufa. Hakikisha oringi (pete ya mpira ya kuzuia uvujaji) imelala kwenye mfereji wake, kaza skrubu kwa kukingamana, na upake pesti mpya ya joto kati ya bloku na prosesa.

Dawa zenye asidi ni za rejeta ya shaba iliyotolewa nje, basi. Ukikuta alumini kwenye mfumo wenye shaba, kusafisha ni kujisumbua. Kutu itarudi hadi kipande cha alumini kiondolewe.

Kabla ya kulanti mpya, jaza hewa kwa pampu ya mkono yenye geji hadi bar 0.5, usubiri dakika 30. Sindano ikishuka, kuna kiungio kinachovuja. Huna geji? Jaza kulanti, weka tishu chini ya kila kiungio na uzungushe pampu pekee kwa saa kadhaa. Washa na kuzima ukiinamisha kasha ili mapovu yatoke, na uache nafasi ya hewa juu ya tangi kwa kuwa kulanti hutanuka ikipata joto.

Kulanti iliyomwagwa iwekwe mbali na watoto na wanyama: ethilini glikoli iliyomo kwenye baadhi ya kulanti ni tamu, na ni sumu.