Kabla ya wiki ya sororiti, binti azoee kuzungumza
Ndugu mzazi, ikiwa binti yako anamaliza sekondari huko Marekani na anatamani kujiunga na sororiti, yaani chama cha kidada cha wanachuo, usianze na nguo. Katika vyuo vya kusini kama University of Alabama, wanachama wapya huchaguliwa Agosti, ambapo binti hupita nyumba za vyama hivyo, moja baada ya nyingine, akizungumza na wanachama asiowajua. Basi mzoeshe sasa kwa shangazi na majirani, ili akiulizwa anasomea nini asijibu “Bayolojia” akanyamaza, bali aeleze kilichomvutia, kisha naye aulize. Kabla hajajiandikisha, ulizeni ada ya chama ya mwaka mzima, maana si ndogo. Viatu navyo viwe vimeshazoea mguu, kwani jua la Agosti huko ni kali.