SOMO: Majani ya mwembe kwa rangi za maji, kuanzia mchoro wa majaribio

Nimejibu swali la namna ya kupaka majani ya mwembe inboksi mpaka nimechoka. Naandika hapa mara moja, nitakuwa nawaelekeza huku.

1. Kaa mbele ya mti asubuhi au alasiri, jua likiwa upande mmoja.

2. Chora mchoro mdogo wa penseli, ukubwa wa kiganja. Finya macho mpaka majani yapotee, yabaki mafungu. Tia alama penye jua, penye kivuli, na matundu yanayoonyesha anga.

3. Hamishia mistari kwenye karatasi nene, ya gramu 300 kwa mita ya mraba. Nyepesi hujikunja.

4. Paka kijani chepesi chenye njano nyingi, ukiruka matundu. Pembezoni laza brashi kwa ubavu, iparuze.

5. SUBIRI IKAUKE. Hapa ndipo nilipoharibu mwembe wa nyumbani, wakati wa masika. Rangi ilikuwa imepoteza mng'ao, nikaamini imekauka, nikaweka kivuli. Maji mapya yakaisukuma rangi ya chini pembeni, likatokea doa lenye kingo za kujikunjakunja kama koliflawa, katikati ya mti. Nikalisugua, karatasi ikatoka manyoya. Siku mbili zikapotea. Sasa naigusa kwa mgongo wa mkono: ikiwa baridi, bado ina maji ndani. Doa likishatokea, usisugue kabisa. Acha likauke, kisha lifanye sehemu ya kivuli.

6. Weka kivuli kwa kufuata mchoro, si mti, maana jua limeshahama. Kikoleze kuliko unavyodhani. Rangi za maji hupauka zikikauka.

7. Matawi yaonekane ndani ya matundu tu. Majani ya mojamoja, kama kumi hivi pembezoni, yanatosha.

MASWALI

– Mkuu, mbona wangu umekuwa tope?
Ulisubiri ikauke?
– Nilisubiri kidogo.
Rudi namba 5.

– Nyeupe ya matundu unatumia ipi?
Hakuna. Ni karatasi yenyewe. Namba 4.

– Samahani mwalimu, kijani changu kinang'aa kama plastiki. Nachanganya bluu ya ftalo na njano.
Swali zuri, dada. Ftalo ni bluu inayoelekea kijani, ndiyo maana inawaka. Jaribu bluu ya ultramarini: ina wekundu ndani yake, na wekundu hutuliza kijani. Ukiwa na ftalo tu, tia tone la hudhurungi. Na uangalie ncha za matawi: majani machanga ya mwembe huwa mekundu kama shaba. Ukiyaweka machache, hata mtoto atajua ule ni mwembe, si mkungu.

– Naweza kutumia draya ya nywele?
Ndiyo, kwa mbali, rangi ikishaacha kutiririka.

– Boksi langu la rangi limeota ukungu, niko Mombasa.
Unalifunga likiwa bichi. Futa ukungu kwa kitambaa chenye maji, kisha liache wazi usiku kucha kila umalizapo kazi. Langu hukaa juu ya kabati, mbali na jikoni.