Somo: Kusoma kumbukumbu ya kompyuta kupitia /dev/mem

Wakuu, leo tuingie kwenye /dev ya Linux, folda ya faili za vifaa, kwa faili moja tu: /dev/mem. Hakuna kilichohifadhiwa ndani yake. Ukilisoma, kerneli (kiini cha Linux) inakupa baiti zilizopo kwenye anwani halisi za mashine, yaani namba za maeneo ya kumbukumbu yenyewe, kuanzia anwani 0.

Kwanza litazame:

ls -l /dev/mem

Mstari unaanza na c, yaani kifaa kinachosomwa baiti kwa baiti. Pale ambapo faili la kawaida huonyesha ukubwa, hapa kuna 1, 1. Kerneli inakitambua kifaa kwa namba hizo, si kwa jina. /dev/null ni 1, 3 na /dev/zero ni 1, 5.

Pili, ramani. Tafadhali usiiruke:

sudo cat /proc/iomem

Bila sudo (kuendesha amri kama root, msimamizi mkuu), anwani zote zitatoka sifuri. Mistari ya "System RAM" ndiyo RAM yenyewe. Mingi kati ya iliyobaki ni ya vifaa, kama kadi ya picha au ya mtandao, na anwani zake ni rejista, yaani sehemu ndogo za kuendeshea kifaa. Zipo rejista zinazojifuta zikishasomwa, kwa hiyo hata kusoma tu kunaweza kuvuruga kifaa. Usichungulie ovyo.

Tatu, kwenye PC, tusome KiB 64 za eneo la BIOS, programu inayowasha mashine:

sudo dd if=/dev/mem of=bios.bin bs=1k skip=960 count=64
strings bios.bin | less

960 imetoka wapi? Eneo linaanzia 0xF0000, yaani 983040. Gawanya kwa 1024. Kwenye mashine yenye BIOS ya zamani utakuta _SM_, alama ya jedwali la SMBIOS (maelezo ya mashine na vifaa vyake). Kabla ya kubonyeza Enter, soma tena if (unakosoma) na of (unakoandika). Ukizigeuza, unaandika kwenye kumbukumbu ya mashine inayokimbia.

MASWALI

Swali: Mimi ni root, lakini nikivuka MB 1 naambiwa "Operation not permitted". Kwa nini?

Jibu: Kerneli yako imejengwa na CONFIG_STRICT_DEVMEM, inayozuia RAM iliyo juu ya MB 1. Kama Secure Boot (ulinzi wa wakati wa kuwaka) imewashwa, huenda usiweze hata kulifungua faili. Usitafute njia ya kuondoa ulinzi huo kwenye mashine unayofanyia kazi: nywila na funguo zako za siri zinapita humo humo kwenye RAM.

Swali: Mafunzo ya zamani yanataja /dev/kmem. Kwangu silioni.

Jibu: Liliondolewa kwenye Linux 5.13, mwaka 2021. Lilikuwa la anwani pepe za kerneli, yaani anwani ambazo programu huziona na ambazo hutafsiriwa kuwa anwani halisi.

Swali: Nimechapisha pointa kwenye programu yangu ya C, nikaenda anwani hiyo ndani ya /dev/mem, sikuikuta data yangu.

Jibu: Pointa inakupa anwani pepe, /dev/mem inataka anwani halisi. Kwa programu moja tumia /proc/PID/mem, ukiweka namba ya prosesi badala ya PID. Fungua /proc/PID/maps kwanza, ujue ni maeneo gani yanasomeka.