Jinsi ya kutafsiri filamu ya manowari mbele ya wavuvi

Nina banda la video karibu na soko la samaki la Deep Sea hapa Tanga, na wateja wangu wengi wanatoka kuuza samaki. Filamu ya ngumi haikusumbui, hata ukinyamaza wataielewa. Ya manowari inayowinda nyambizi ni kazi nyingine. Muda mwingi unamwona mtu mmoja kasimama anawaza, na watu wako wameshalipa kiingilio.

Itazame mwenyewe kwanza, mara mbili, daftari mkononi. Mara ya pili achana na maneno, andika tu dakika hii nahodha anajua nini na hajui nini. Filamu nzima iko hapo. Vyeo visikuumize kichwa: nahodha, msaidizi wake na mshika usukani wanatosha.

Kwenye sona usipite haraka. Waeleze kwamba meli inapiga mlio chini ya maji, ukigonga chuma unarudi. Sauti majini hukimbia kama mita 1,500 kwa sekunde. Mlio ukirudi baada ya sekunde mbili, basi nyambizi iko mita 1,500, maana umeenda na kurudi. Mimi huhesabu kwa sauti, "moja... mbili...", na banda zima linahesabu nami.

Halafu kuna jambo watafsiri wengi hulikosa. Katika Vita Kuu ya Pili, meli ikikaribia sana ilikuwa inapoteza ule mlio, kwa sababu nyambizi iliyozama chini sana ilikuwa chini ya mwale wa sona. Kwa hiyo nahodha anaangusha mabomu kwa kukisia, nayo yametegwa yalipuke kwenye kina alichokibuni yeye. Mvuvi ukimwambia hivyo anakuelewa upesi: ni kutupa wavu pale samaki walipoonekana, na wao wameshahama.

Amri zitafsiri mara mbili, kwa sauti mbili. Nahodha: "Kulia, digrii kumi!" Mshika usukani: "Kulia, digrii kumi!" Nilikuwa naruka marudio, nikidhani ni kujaza muda. Kumbe nahodha ndivyo anavyojua kwamba amesikiwa sawasawa. Siku mshika usukani akichelewa kurudia, banda linashtuka kabla yangu.

Nyambizi ikizima mashine ikatulia chini, zima maikrofoni. Mwaka wa kwanza nilipiga porojo palepale, mzee mmoja wa benchi la nyuma akanikemea: "We kijana, nyamaza, watatusikia!"

La kuanzia nimeliacha mwisho. Kabla ya kuwasha, wape kisa cha hapahapa. Novemba 2, 1914 manowari ya Waingereza, HMS Fox, ilikuja Tanga, meli za askari zikisubiri nje. Nahodha wake akahofia mabomu yaliyotegwa bandarini. Muda ukapotea kuyatafuta, na Wajerumani wakaleta askari kwa treni kutoka Moshi. Mabomu hayakuwepo. Waingereza walishuka Ras Kasone, wakapigwa, wakarudi melini.

Sasa waulize: ungekuwa wewe, ungeingia moja kwa moja? Vijana watasema ndiyo. Wenye majahazi yao watauliza kwanza meli ni ya nani. Mimi hapo huchelewa kuwasha filamu dakika ishirini nzima, na hakuna anayedai hela yake.