Namna ya kuwatafuta waliotengeneza na waliomiliki kitabu cha Kilatini chenye nakshi za dhahabu

Ukiletewa kitabu cha Kilatini cha enzi za kati, kilichoandikwa kwa mkono na kupambwa kwa dhahabu, usianze na picha. Najua zinavuta macho. Ila picha ndizo ambazo karibu kila mmiliki alizitunza; mimi hutafuta kwanza palipokwanguliwa, palipofutwa, palipoandikwa upya juu ya maneno ya mwingine. Hapo watu hujitaja bila kukusudia.

Nawa mikono, ikauke kabisa, na glavu uziache, maana zinakunyima kuhisi ukingo wa jani na ni rahisi kulichana. Kilaze kitabu kwenye mto ili mgongo wake usilazimishwe kufunguka. Kalamu ya wino isikaribie meza, tumia penseli.

Anza na ngozi. Upande uliokuwa na manyoya huwa na umanjano kidogo, na kwa lenzi utaona vitundu vya vinyweleo. Upande wa nyama ni mweupe zaidi. Mafundi walizipanga ngozi hivi kwamba popote ufunguapo, kurasa mbili zinazotazamana zinalingana: manyoya kwa manyoya, nyama kwa nyama. Zisipolingana, simama hapo, huenda jani limenyofolewa. Kisha tafuta uzi katikati ya kila fungu. Mara nyingi fungu ni vipande vinne vya ngozi vilivyokunjwa pamoja, yaani majani 8, kurasa 16. Chini ya ukurasa wake wa mwisho huenda ukakuta neno linalopaswa kuanzia fungu linalofuata. Yasipooana, ama kuna kilichopotea ama mfungaji jalada alichanganya mpangilio.

Pitisha jicho pia kwenye mistari iliyochorwa kuongoza mwandiko. Ile iliyokwaruzwa kwa ncha kavu, ambayo ni bonde upande mmoja na tuta upande wa pili, kwa kawaida ni ya zamani. Kuanzia karne ya 12 mistari ya madini ya risasi ikazoeleka, kisha ya wino.

Picha sasa, hasa zile ambazo hazikumalizika, maana hizo ndizo zinazofundisha. Dhahabu ilitangulia rangi, kwa sababu ilisuguliwa kwa nguvu, hata kwa jino la mbwa, na kusugua huko kungeharibu rangi iliyokwisha pakwa. Kwa lenzi utaona rangi imepanda juu ya ukingo wa dhahabu. Buluu usiihukumu kwa macho: ile ya jiwe la lapis lazuli, lililochimbwa Badakhshan huko Afghanistan, hufanana na ya madini ya shaba yaliyopatikana Ulaya kwenyewe. Waachie wenye vipimo vya maabara.

Katika vitabu vya sala, nenda kwenye kalenda ya sikukuu za watakatifu. Mtakatifu Genevieve, msimamizi wa Paris, akiandikwa kwa dhahabu tarehe 3 Januari, elekeza macho huko. Lakini kalenda husema kitabu kilikusudiwa nani, si lazima kilitengenezwa wapi. Mji wa Bruges, katika Ubelgiji ya leo, uliwatengenezea Waingereza vitabu vingi. Angalia na tarehe 29 Desemba, sikukuu ya Thomas Becket, askofu mkuu wa Canterbury aliyeuawa. Mwaka 1538 mfalme Henry VIII wa Uingereza aliamuru jina lake liondolewe vitabuni. Jina lililokwanguliwa ni dalili nzuri kwamba kitabu kilikuwa Uingereza wakati huo. Wengine walipitisha kistari chembamba tu, jina likabaki linasomeka, na mimi huona hapo mtu aliyetii kwa mkono huku moyo ukikataa.

Mfano mkubwa kuliko yote ni Codex Amiatinus, Biblia iliyoko maktaba ya Laurenziana, Florence. Kwa karne nyingi ilidhaniwa ni kazi ya Italia, kwa kuwa beti za kuitabaruku zilimtaja Petro wa Walombardi. Katika miaka ya 1880 mwanaakiolojia wa Roma, Giovanni Battista de Rossi, aliona kwamba maneno yaliyoandikwa juu ya mikwaruzo yanavunja mizani ya shairi. Akarudisha jina la Ceolfrith, abati (mkuu) wa monasteri ya Wearmouth na Jarrow, aliyeondoka Uingereza mwaka 716 akimpelekea Papa Biblia hiyo na kufia njiani, Langres, Ufaransa. De Rossi alikisia kwamba beti zilimwita abati wa Wabritoni. Msomi wa Biblia F. J. A. Hort akazikuta beti zilezile katika maisha ya kale ya Ceolfrith, na zilisema Waingereza. Fanya hivyohivyo: mizani, au taa ya urujuanimno inayofichua wino uliokwanguliwa, ikikupa jina, litafutie shahidi nje ya kitabu.

Shahidi wa aina hiyo ni orodha za maktaba za kale. Wengi walinakili maneno ya kwanza ya jani la pili, kwa kuwa nakala mbili za mkono ni nadra kugawanyika mahali pamoja. Kwa wamiliki wa karibuni, kagua ndani ya majalada: nembo za ukoo, namba za mnada, namba ya Sir Thomas Phillipps, aliyekusanya maandishi ya mkono maelfu kwa maelfu hadi alipofariki mwaka 1872. Kisha pekua hifadhidata ya Schoenberg ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania, inayofuatilia mauzo na wamiliki wa vitabu vya mkono.

Andika kila mmiliki pamoja na namba ya jani lenye ushahidi wake. Pasipo na ushahidi, andika pengo, usilizibe kwa jina la kukisia. Na pengo likiangukia kati ya 1933 na 1945, wakati Wanazi walipopora makusanyo ya Wayahudi, usinunue wala usiuze kitabu hicho mpaka lielezwe.